Lumumba Alivyotoroka Mara Mbili

Tarehe 10 Februari 1961, serikali ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ilitangaza mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwamba wafungwa wake watatu wametoroka. Walikuwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo. Na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Habari hiyo ilikuwa na vitu vyote ambavyo mpenzi wa sinema angevitazamia: nyumba ya shambani mbali na mji, tundu lililotobolewa ukutani, walinzi waliozidiwa nguvu, gari lililotokomea gizani. Siku tatu baadaye, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwaita waandishi wa habari akawapa na mwisho wake: watoro wale wameuawa na wanakijiji waliowatambua. Jina la kijiji hakulitaja, eti wafuasi wa Lumumba wasije wakalipiza kisasi, na wanakijiji wakaahidiwa zawadi ya fedha. Kuhusu wale ambao wangesema kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyoua, alisema walete ushahidi.

Siku Munongo anayasema hayo, watu hao watatu walikuwa wamekwisha kufa karibu mwezi mzima. Walitua uwanja wa ndege wa Luano alasiri ya tarehe 17 Januari, wakafungiwa katika nyumba ya Mbelgiji mmoja aliyeitwa Brouwez, na usiku uleule wakapelekwa porini upande wa Shilatembo, umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka mjini. Huko walipigwa risasi na askari walioamriwa na kapteni Mbelgiji, Julien Gat, mbele ya rais wa Katanga, Moïse Tshombe, pamoja na mawaziri wake kadhaa. Hakuna aliyetoboa ukuta, wala hakukuwa na kijiji. Kutoroka kule kulitungwa ofisini ili kufunika kaburi.

Nimeanza na uongo huo kwa sababu unatupa kipimo kizuri cha jambo ambalo watazamaji wengi wa filamu hulijua moyoni bila kulitetea. Kuna watu wasiopenda filamu za kutisha hata kidogo. Hawataki damu, hawataki mizuka, hawataki mtu anayekatwakatwa huku muziki ukipiga kelele. Lakini watu haohao huweza kukaa saa mbili bila kupepesa wakitazama filamu ya mfungwa anayetoroka gerezani au ya familia inayovuka mpaka usiku. Wenzao huwacheka kwamba wanajikanganya, maana pote pawili moyo hudunda na mikono hutoka jasho. Mimi naona hawajikanganyi. Filamu ya kutisha inahusu mwili unaotendwa. Filamu ya kutoroka inahusu mtu anayeamua. Ukiitafuta tofauti hiyo katika historia, hupati mahali pazuri zaidi kuliko habari za Lumumba, kwa sababu yeye alitoroka mara mbili: mara moja kwa kweli, kwa mvua na kwa mto, na mara ya pili kwenye karatasi ya serikali ya Katanga, akiwa maiti.

Kutoroka kwa kweli kulianzia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baada ya Kanali Mobutu kushika madaraka tarehe 14 Septemba 1960, Lumumba alibaki ndani ya makazi yake kama mfungwa asiye na hukumu. Kuzunguka nyumba palikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa waliowekwa wamlinde, na nyuma yao askari wa jeshi la Kongo waliowekwa wamkamate akitoka. Pete mbili, moja ndani ya nyingine, na mtu mmoja katikati. Tarehe 22 Novemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kule New York liliupa ujumbe wa Rais Kasavubu, mpinzani wake, kiti cha Kongo, na mlango wa mwisho wa kisheria ukafungwa. Nyumbani nako kulikuwa na msiba: mtoto wake mchanga alikuwa amefia Uswisi alikopelekwa kutibiwa. Usiku wa tarehe 27 Novemba mvua kubwa ya radi ikaupiga mji. Lumumba alijificha ndani ya gari la Chevrolet ambalo kila jioni liliwarudisha watumishi makwao, likapita kwa walinzi kama lilivyozoea kupita, likaondoka.

Tazama jinsi hapo palivyo na maamuzi mengi na vitisho vichache. Mtu amechunguza mazoea ya walinzi wake, ameona kwamba gari la watumishi halimshughulishi mtu, amengoja usiku ambao askari angependa zaidi kujikinga na mvua kuliko kumulika viti vya nyuma. Chombo chake cha kutorokea ni mazoea ya wengine. Waandishi wa filamu za magereza hutafuta kwa miezi kitu kama hicho, kidogo na cha kila siku, ambacho mtazamaji akikiona anajua papo hapo kwamba kitafaulu au kitaharibu kila kitu. Safari iliyomngoja ilikuwa ndefu kupita kiasi, kwani Stanleyville, yaani Kisangani, walikokuwa wafuasi wake, iko mbali na Léopoldville zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege. Naye alikwenda kwa magari, katika barabara za udongo za msimu wa mvua, kupitia Kwilu hadi Kasai, akivuka mito kwa vivuko.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo hakuna mtungaji wa filamu za kutisha angelivumilia. Mtoro huyu hakujificha. Alipofika Bulungu watu walimtambua, wakajaa, wakataka kumsikia, naye akasema nao. Mbele huko ikawa vivyo hivyo. Kila hotuba ilikula saa, na saa ndizo pekee alizokuwa nazo, maana maofisa wa Mobutu walikuwa wameanza kumwinda na walikuwa na ndege za kumtafutia. Wanahistoria wamemlaumu kwa kuchelewa huko, na lawama hiyo ina nguvu. Ila mtu aliyeondolewa madarakani kwa kisingizio kwamba wananchi hawamtaki angewezaje kupita katikati ya wananchi waliomtaka akiwa amelala chini ya kiti? Kama angewapita kimya angefika Stanleyville akiwa mkimbizi. Aliposimama alikuwa bado waziri mkuu. Mtazamaji anayeona hivyo hukereka na kuheshimu kwa wakati mmoja, na hali hiyo ya moyo ina kazi ya akili ndani yake. Hofu tupu haina.

Jioni ya tarehe 1 Desemba walifika Lodi, kwenye ukingo wa mto Sankuru. Ng'ambo ya pili njia ilikuwa inaelekea kwa watu wake. Lumumba alitangulia kuvuka kwa mtumbwi pamoja na wachache, akimwacha mkewe Pauline na mtoto wao mdogo Roland ukingoni wangoje zamu yao. Askari wakatokea upande ule alikowaacha. Masimulizi ya walionusurika yanasema wenzake walimsihi asirudi, kwamba nchi inamhitaji zaidi kuliko nyumba yake. Alirudi. Baadhi ya waliovuka naye waliendelea na safari na kufika. Yeye alikamatwa, akapelekwa Port-Francqui, na tarehe 2 Desemba akasafirishwa kwa ndege kurudi Léopoldville. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameagizwa wasiingilie kati yake na wanaomfuatilia. Mwezi uliofuata alipelekwa Katanga, kwenye ule usiku wa Shilatembo.

Anayetaka kujua filamu ya kutoroka inaundwa na nini, aupime ule mtumbwi unaorudi. Hakuna jini, hakuna kisu, hakuna kelele. Kuna mto, kingo mbili, na mtu aliyekwisha pona ambaye anaamua kutopona. Raoul Peck alilielewa hilo katika filamu yake *Lumumba* ya mwaka 2000, ambamo Eriq Ebouaney anacheza Lumumba na Alex Descas anacheza Mobutu. Peck mwenyewe ni mtoto wa watu waliotoroka: alizaliwa Port-au-Prince, familia yake ikaukimbia udikteta wa Duvalier nchini Haiti na kuja kuishi Kongo alipokuwa na umri wa miaka 8. Filamu hakuipiga Kongo, maana nchi ilikuwa vitani. Aliipiga Msumbiji na Zimbabwe, na Beira ikasimama mahali pa Léopoldville. Ile sehemu ya mto ni fupi katika filamu, fupi kuliko ninavyodhani ilistahili, lakini ndiyo inayobeba uzito wa yote yanayofuata.

Hapa najua nitapingwa mara moja. Filamu hiyohiyo ya Peck inafunguka na usiku, Wabelgiji wawili porini, miili inayofukuliwa ili iharibiwe isionekane tena. Je, hiyo si filamu ya kutisha? Na kama habari yenyewe inaishia hivyo, si udanganyifu kumwambia asiyependa vitisho aitazame? Pingamizi hili ni zito, lakini halifuti hoja yangu. Kwanza, Peck ameyaweka yale ya kutisha mwanzoni, yakiwa mafupi, kusudi mtazamaji asikae saa mbili akiyangoja. Ukishajua mwisho, huogopi tena nini kitatokea. Unaanza kuuliza kwa nini, nani aliamua, na ni mlango gani ulikuwa bado wazi siku ipi. Mtengenezaji wa vitisho hufanya kinyume kabisa: huficha, kisha hukurukia. Pili, kujua mwisho hakuui taharuki ya kutoroka. Mfaransa Robert Bresson alitengeneza mwaka 1956 filamu ambayo jina lake tu linakuambia kwamba aliyehukumiwa kufa alitoroka, kisha akatukalisha tukimwangalia mfungwa wa gereza la Montluc mjini Lyon akikwangua mbao za mlango wake kwa kijiko kilichonolewa. Sauti ya kijiko, nyayo za mlinzi, kijiko kinanyamaza. Tunajua atatoka, na bado hatupumui.

Atakayesema kwamba kutopumua huko ndiko kuogopa kwenyewe ana haki ya jibu la kina. Ndiyo, mwili hautofautishi sana. Tofauti iko katika kile ambacho hofu inakuomba ufanye. Katika *Escape from Pretoria*, filamu ya mwaka 2020 inayosimulia kisa cha kweli cha Desemba 1979, wafungwa wa utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini wanatengeneza funguo za mbao, mlango baada ya mlango, wakipima meno ya kila ufunguo kwa macho. Ufunguo ukikwama, mtazamaji naye anaanza kufikiri: uvutwe polepole, ung'olewe, uachwe? Amekuwa mwenzao katika kazi. Katika filamu ya kutisha, mtazamaji hana la kufanya ila kungoja zamu ya anayefuata kufa, na kadiri mtengenezaji anavyojua kazi yake ndivyo anavyomnyima mtazamaji nafasi ya kuwaza. Hata kushindwa hakubadili jambo hilo. *The Great Escape* ya mwaka 1963 inahusu kutoroka ambako, katika historia, watu 76 walitoka kambini, 3 tu wakafika salama, na 50 kati ya waliokamatwa wakauawa. Ni msiba mkubwa, na bado wazee kwa watoto huitazama pamoja sebuleni, kwa kuwa filamu imekaa na waliochimba handaki muda mrefu kuliko ilivyokaa na waliowaua.

Sasa turudi kwenye kutoroka kwa pili, kule kwa karatasi. Kuna jambo la ajabu kuhusu picha za kweli za mkasa huu. Lumumba aliporudishwa Léopoldville tarehe 2 Desemba kamera zilikuwepo. Filamu ipo hadi leo: amefungwa mikono nyuma, askari anamshika nywele ili uso uonekane, mwingine anamsukumia karatasi mdomoni. Dunia nzima imeiona. Safari ile ya mvua na mto haina picha hata moja ninayoijua. Kwa hiyo kamera iliweka kumbukumbu ya kukamatwa peke yake, na ya mtu aliyetendwa peke yake. Mtu aliyeamua akabaki kwa wasimuliaji. Serikali ya Katanga ilipotunga uongo wake wa Februari, iliingia katika pengo hilohilo. Ilijua kwamba watu wanamkumbuka Lumumba kama mtu aliyewahi kutoroka, ikaazima kutoroka kwake.

Lakini haikujua kusimulia. Ukiusoma ule uongo kama mswada wa filamu, unaona udhaifu wake hata kabla ya kutafuta ushahidi. Watoro hawaamui kitu. Tundu linatobolewa, walinzi wanafungwa, gari linapatikana, na hatuambiwi nani kati ya watatu alifikiria nini, wala walikuwa wanaelekea wapi, wala ni nani aliyesema tukipita huku tutashikwa. Kijiji hakina jina, wauaji hawana nyuso. Ni mwili tu unaohama kutoka ukutani hadi kwenye gari hadi kaburini, na ndiyo maana nasema uongo ule ulikuwa habari ya kutisha iliyovikwa nguo za kutoroka. Waandishi wa habari waliokuwa Elisabethville hawakuumeza. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Novemba 1961, iliona kwamba ushahidi haukubaliani na maelezo ya Katanga, na kwamba kwa kila dalili watu hao waliuawa tarehe 17 Januari, si mbali na Elisabethville, inawezekana mbele ya viongozi wa serikali hiyo. Ilibidi kungoja kitabu cha Ludo De Witte mwaka 1999 na tume ya bunge la Ubelgiji ya mwaka 2000 na 2001 ili ukweli wa Wabelgiji nao uwekwe mezani, na Februari 2002 serikali yao ikaomba radhi.

Linabaki pingamizi moja ambalo naliona gumu kuliko yote, na linatoka Lubumbashi kwenyewe. Mtu anaweza kusema: katika mji huu, kukataa kutazama yale ya kutisha ndiko kulikowasaidia wauaji. Walitaka tusione. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, na mwenzake waliiharibu miili ili kusiwe na cha kutazama, na katika mabaki yote ya Lumumba lililorudi Kongo ni jino moja, Juni 2022, likapitishwa Lubumbashi na Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Sasa tunaambiwa tuchague filamu zisizoumiza macho? Jibu langu ni kwamba kushuhudia si lazima kuwe kukodolea macho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia yote ya nchi kwa picha zaidi ya 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga mtafiti Johannes Fabian. Alipofika kwenye kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, hakukwepa: maiti zipo, na nyuma yao ameweka misalaba mitatu. Picha za aina hiyo zilitundikwa sebuleni mwa wafanyakazi, watu wakala chakula chini yake, watoto wakauliza maswali. Hakuna aliyelazimika kufumba macho, na hakuna aliyedanganywa.

Kwa kweli ubishi kuhusu nini watu wa Katanga waweze kukitazama ni wa zamani kuliko Lumumba. Wakoloni walikuwa na kamati ya ukaguzi iliyoamua filamu zipi Waafrika waruhusiwe kuziona. Katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na kwenye misheni walionyeshwa mafunzo na vichekesho vilivyopimwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtazamaji Mwafrika angevurugwa na ujeuri wa filamu za kawaida. Nalitaja hili ili hoja yangu isichanganywe na ile yao. Wao walimchagulia mtu mzima kama anavyochaguliwa mtoto. Mimi namtetea mtu mzima anayejichagulia mwenyewe, na nasema uchaguzi wake una busara.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza aanzie wapi: aanze na Bresson, kisha Pretoria, kisha *Lumumba* ya Peck akiwa ameambiwa mapema kuhusu dakika zile za mwanzo na za mwisho, ili achague mwenyewe. *Soundtrack to a Coup d'Etat* ya Johan Grimonprez, ya mwaka 2024, inampitisha katika mwaka uleule wa 1960 kwa njia ya jazi na mikutano ya Umoja wa Mataifa, na vitisho vyake ni vya watu waliovaa suti. Filamu ninayoikosa ni ile ya siku tano tu, kuanzia mvua ya tarehe 27 Novemba hadi mtumbwi wa Lodi, bila Shilatembo ndani yake. Si lazima iwe ya gharama. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim, watu wa Lubumbashi, walitengeneza *Machini*, filamu fupi inayosema habari za migodi na sumu yake kwa mawe na chaki, bila tone la damu. Mawe na chaki vinatosha kuonyesha pete mbili za askari, gari la watumishi, barabara ya udongo, umati wa Bulungu. Kazi ngumu itakuwa kwenye mto: kumwonyesha mtu mmoja akifikiri, kwa muda mrefu wa kutosha, wenzake wakimwita upande huu na mkewe akiwa upande ule.